Kidude cha Kunusa Tochi

Barabara niliianza nikiwa utingo wa Fuso la kabichi. Usiku tunashusha mzigo Dar es Salaam, mchana tunarudi Lushoto gari likiwa tupu, na gari tupu ndilo linalomponza dereva. Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe: penye nyumba pana kibao cha 50, na mbele ya kibao pana mwembe, na chini ya mwembe pana askari na tochi yake ya kupimia mwendo. Tukishafika Mombo hofu inakwisha. Zile kilomita 33 za kupanda kupitia Soni hazihitaji tochi. Ukikosea kona unaishia korongoni.

Siku hizo taa ndizo zilizotuokoa. Dereva anayekuja anakuwashia mara mbili, au anatoa mkono dirishani na kushusha kiganja, maana yake punguza, wapo. Nasi tukishawapita tunamwashia anayefuata. Hata wasiosalimiana stendi walikuwa wakiwashiana taa.

Baadaye nilijifunza umeme wa magari, nikafungua kibanda Lushoto mjini. Siku moja mteja akaniletea Noah iliyotoka Japani karibuni. Juu ya dashibodi kulikuwa na kidude cha ukubwa wa pakiti ya sigara, kina kioo, waya wake umekatwa.

"Fundi, nimeambiwa hiki kinanusa tochi. Nifufulie."

Nikatafuta kwenye boksi la fyuzi laini inayopata moto pale tu ufunguo unapozungushwa, maana ukiunga moja kwa moja kitanyonya betri usiku kucha. Hasi nikaifunga kwenye bolti, baada ya kukwangua rangi hadi chuma king'ae. Waya nikauficha nyuma ya plastiki ya nguzo ya kioo. Ufunguo ulipozungushwa, sauti ya mwanamke ikasema maneno marefu ya Kijapani. Mteja akaitikia, "Salama."

Kilirudi kwangu mara tatu. Joto la Mombo lilibandua gundi, kikaanguka miguuni. Mara nyingine fyuzi. Mara nyingine waya ulisagwa na mlango. Kila mara nilimtoza, wala sioni haya kusema.

Tulikwenda nacho Dar. Kabuku kikanyamaza, tukapigwa tochi, faini 30,000. Jijini, tulipoegesha mbele ya duka lenye milango inayojifungua yenyewe, ndipo kikalia kwa nguvu zote. Ikabidi nimweleze mteja nilichopaswa kumwambia mapema. Kidude hicho husikiliza mawimbi ya rada, na milango ya namna ile hutumia mawimbi ya jamii hiyohiyo. Tochi ya leza hutupa mwali mwembamba wa mwanga. Kidude kikiuhisi, mwendo wako umeshasomwa. Kumbukumbu zake nazo zilijaa kamera za barabara za Japani. Mwembe wa Kabuku ungeingiaje humo?

Kisha zikaja simu. Makundi ya WhatsApp ya madereva yalijaa sauti fupi: "Mkata, mkono wa kushoto, wawili." Taa zikapungua barabarani, na kwangu hilo ni hasara, kwa sababu taa zilimfikia hata asiye na bando.

Mabasi nayo yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini iliyoanzishwa mwaka 2019. Hicho kinamsikiliza dereva. Akizidisha mwendo kinapiga kelele ndani ya basi, na taarifa zinafika ofisini. Abiria waliokuwa wamelala wanaamka na kuuliza, "Dereva, vipi?" Kwa maoni yangu, swali hilo limepunguza mwendo kuliko miembe yote ya Kabuku. Wapo wanaokuja kibandani kuniomba nikate waya wake. Nawarudisha.

Yule mteja aliiuza Noah na kuniachia kidude chake. Kimo ndani ya kopo la fyuzi mbovu. Ukikipa volti 12, bado kinasalimia.