Mizani Saba

Kwa muda wa miaka kumi na tisa niliandika "kipupwe" kila nilipokutana na majira ya baridi ya Waingereza ndani ya mashairi yao, na hakuna aliyenisahihisha. Kipupwe chetu tunakijua: kusi inavuma, wazee wanajitanda mashuka alfajiri, na mtu huona raha kuchelewa kitandani. Neno lina mizani tatu, linaingia kwenye kipande bila ya ugomvi. Nikajiona mfasiri.

Disemba 2023 nilikwenda kaskazini ya Uingereza kumtazama kaka yangu, ambaye sikumtia machoni tangu 1979. Alikuwa muuguzi, sasa amestaafu, na anaishi jirani na milima na maziwa aliyoyaimba Wordsworth. Baridi nilijiandaa nayo. Sikujiandaa na kiza. Jua la huko mwezi ule huchomoza kiasi cha saa mbili na nusu asubuhi, hujikokota juu ya migongo ya vilima, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuzama. Saa sita mchana kivuli changu kilinipita urefu zaidi ya mara nne. Adhuhuri na alasiri zimebanana hata maji ya udhu hayajakukauka mikononi, unaambiwa sala nyengine imeingia. Miti imebaki mifupa. Kangaga zote za mlimani zimekuwa rangi ya kutu. Kipupwe! Nilicheka peke yangu, na kicheko kikatoka moshi.

Siku ya tatu kaka akanambia, "Vaa viatu, tunakwenda kwa miguu."

Tulishika njia ya mlimani kutoka Rydal hadi Grasmere, mwendo usiozidi maili tatu. Ukutani mwa njia mawe yamepangwa bila ya chokaa wala udongo, nami mtoto wa mji wa chokaa nikayagusa kuhakikisha. Kondoo wa kijivu walitutazama. Huzaliwa weusi, kaka alinieleza, kisha weupe ukawaingia kwa umri, kama sisi. Njia yenyewe huitwa Njia ya Majeneza. Zamani, maiti wa upande wa Rydal na Ambleside walibebwa kwa njia hiyo kwenda kuzikwa kwenye kanisa la Grasmere, na yapo mawe mapana ambapo wabebaji walilitua jeneza wakapumzika.

Kwenye jiwe moja kaka alisimama. Nilidhani amechoka.

"Baba alibebwa na nani?"

Baba alifariki 1996. Nikamtajia waliobeba: mimi, wajomba, watoto wa jirani, na watu wa njiani ambao sikuwajua, kwani kwetu jeneza halituliwi, hupokezanwa bega kwa bega mpaka kaburini. Alisikiliza huku akipangusa jalidi juu ya jiwe kwa kiganja cha glavu. Kisha akaendelea kutembea.

Njia hiyo inashukia penye nyumba nyeupe ya Dove Cottage, ambamo Wordsworth na dada yake Dorothy walihamia tarehe 20 Disemba 1799, katikati ya baridi kama ile. De Quincey, aliyeipanga nyumba hiyo baada yao, alikadiria kwamba miguu ya mshairi yule ilikwisha kutembea maili 175,000 au zaidi, na mashairi mengi aliyatunga akitembea. Hayo niliyajua. Nisilolijua nililipata kwa kaka: kwamba kabla ya 1793 nyumba ile ilikuwa pabu, ikiitwa Njiwa na Tawi la Mzeituni, na kwamba Wordsworth mwenyewe katika utenzi wake uliochapishwa 1819 alilichezea jambo hilo, akijiita mshairi mnywa maji aliyekalia pahala pa ulevi.

"Basi na sisi," alisema kaka, "twende tukanywe maji."

Namuomba radhi msomaji, kwani nilisita mlangoni. Pabu ni ufupisho wa maneno yenye maana ya "nyumba ya umma", nami siku zote nililitafsiri "baa" nikapita. Lakini baa ya kwetu mlango wake hugeuziwa kichochoro, na anayeingia huangalia nyuma kwanza. Pale palikuwa na ajuza anafuma sweta, wapandamlima wawili wamevua mabuti, moto wa magogo, shaba za hatamu za farasi juu ya boriti, na mbwa mwenye maji akilala kando ya jiko. (Nilivuta miguu. Mafunzo ya chuoni hayaishi.) Hapakuwa na moshi wa sigara, kwani tangu Julai 2007 sheria imeukataza ndani. Nilikaa kungoja mhudumu, naye haji. Huko mtu huifuata kaunta mwenyewe. Kaka aliifuata, na mwenye kuuza, bila ya kuuliza, akamkabidhi buli la chai na vikombe viwili.

Ndipo aliponihadithia. Mwaka wa kwanza chumba chake kilikuwa na hita ya kutumbukizwa sarafu, na sarafu hazikutosha. Siku za mapumziko alikwenda pabu, pahala pekee ambapo kwa bei ya kinywaji kimoja mtu aliweza kuota moto na kusemeshwa. Lakini mpaka 1988 sheria iliyotokana na Vita Vikuu vya Kwanza ilizifunga pabu saa za mchana. Basi wakitolewa nje yeye hutembea milimani mpaka zifunguliwe jioni. Hivyo ndivyo alivyozijua njia zote zile.

"Nilikunywa," alisema. "Miaka miwili. Aliyemfikishia Baba habari hakusema uongo. Kisha nikaacha. Pombe niliiacha, pahala sikupaacha. Nilimwandikia."

Baba alikuwa amekwisha kuapa kutozifungua barua zake. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa posta kuzirudisha. Ile ya 1984 naikumbuka kwa unene wake, na kwa stempu, ambayo nilitamani kuibandua. Nikamwambia kaka hayo yote, mkono wangu umeshika sikio la kikombe kama mtu anayening'inia.

Alimimina chai.

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na tano."

"Nimesema ulikuwa mtoto, mdogo wangu. Kunywa, inapoa."

Tulipotoka ilikuwa saa kumi na nusu na usiku kamili. Alinipa tochi, yeye akaenda mbele bila ya taa, akinitajia kila jiwe linaloteleza kabla sijalifikia. Penye lile jiwe pana hakusema kitu, nami sikulimulika.

Nimerudi nyumbani na muswada wangu. Kipupwe nimekikata kila kilipo, kwa wino mwekundu. "Majira ya baridi" ina mizani saba, na kipande changu ni cha mizani nane. Nimebakiwa na silabi moja ya kuyasema mengine yote. Mhariri ananihimiza kwa simu. Kaka naye simu zake ni za Ijumaa, na huniuliza kwanza kama nimeipata.