Wekundu wa Bitiruti si Damu

Mama mmoja mjamzito, mke wa karani, alipopimwa kliniki aliambiwa ya kuwa damu yake ni haba, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Vidonge vile vilimtia kichefuchefu. Mama mkwe wake alipomwona akitapika alimhurumia, akasema, “Mwanangu, viache hivyo. Kunywa maji ya bitiruti. Tazama wekundu wake, ni damu tupu.” Yule mama akatii kwa heshima, na mumewe akawa anarudi kila Jumamosi na kikapu cha bitiruti. Baada ya mwezi mmoja alipimwa tena, na damu haikuwa imeongezeka.

Mama mkwe hakuwa na nia mbaya, wala si yeye peke yake aaminiye hivyo. Lakini nyumba njema si mlango. Wekundu wa bitiruti watokana na rangi iitwayo betanini, ambayo si damu wala si madini ya chuma. Rangi hiyo hiyo ndiyo ifanyayo mkojo wa watu wengine kuwa mwekundu baada ya kula bitiruti, nao hushtuka bure. Katika gramu 100 za bitiruti, chuma haifiki miligramu moja. Vidonge vya kila siku vya mama mjamzito huwa na chuma miligramu 30 hadi 60. Basi, atakaye kupata kiasi hicho kwa bitiruti peke yake yampasa ale zaidi ya kilo 3 kila siku, jambo lisilowezekana.

Hata hivyo bitiruti haifai kudharauliwa. Ina foleti, ambayo husaidia mwili kutengeneza damu, na humfaa mtoto aliye tumboni katika kuumbika kwa uti wa mgongo. Tena ina naitreti, ambayo mwilini hulegeza mishipa na kupunguza kidogo shinikizo la damu; ila mgonjwa wa shinikizo asiache dawa zake kwa sababu hiyo. Na mwenye mawe ya figo aulize daktari kwanza, kwa maana bitiruti na majani yake vina oksaleti nyingi.

Ajabu ni kwamba wengi hununua kiazi na kuwatupia ng’ombe majani, na hali majani ndiyo yenye chuma zaidi kuliko kiazi. Mboga iitwayo spinachi katika masoko mengi ya Kenya ni ndugu wa bitiruti, wa jamii moja hasa. Basi majani ya bitiruti yapikwe vivyo hivyo, kwa kitunguu na nyanya, yaliwe pamoja na maharagwe, na ndimu ikamuliwe juu yake baada ya kuepuliwa, kwani ndimu husaidia mwili kupokea chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula hicho, maana huizuia chuma. Ingojewe muda wa saa moja.

Ama kiazi chenyewe, kioshwe bila kumenywa, na mashina ya majani yaachwe urefu wa vidole viwili, ili rangi na utamu visimwagike majini. Kichemshwe hata kisu kipenye kwa urahisi, yaani dakika 45 au saa nzima kwa kiazi kikubwa. Kikipoa, ganda huvuliwa kwa vidole tu. Kikatwe vipande, kitiwe kitunguu, chumvi na ndimu. Wengine hukichoma katika makaa kama kiazi kitamu, na wengine hukikwaruza kibichi pamoja na karoti.

Muuguzi wa kliniki hakumgombeza yule mama. Alimwambia ameze vidonge pamoja na chakula ili visimchafue moyo, na bitiruti asiiache, ila aile kama chakula. Karani alipoyaeleza hayo nyumbani, mama mkwe alinyamaza kitambo, kisha akauliza majani ya bitiruti ya Jumamosi yako wapi. Aliambiwa yamekwisha kupewa mbuzi. Jumamosi iliyofuata aliyapika mwenyewe kwa maharagwe, akampakulia mkaza mwanawe, na alipomaliza kula akamwekea mkononi kidonge na kikombe cha maji.