Msanii anapiga mfuko wa mchanga mikono mitupu, mimi nimekumbuka hogo langu

Wiki hii kuna video inazunguka kwenye simu za watu balaa. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni maana sitaki kesi, kavua shati, kabaki na cheni yake, anaushambulia mfuko wa mazoezi bila glovu wala bandeji. Anapiga, anapiga, halafu anageukia kamera anaonyesha vidole vilivyochubuka damu, huku anacheka. Madogo wa mtaani kwetu wameshaipokea, wanasema jamaa ni chuma. Mimi nimeiangalia mara tatu, na kila alipopiga mkono wangu wa kulia ulijikunja wenyewe.

Ngoja niwape stori, maana wengine mnanijua kama mtu wa udaku tu.

Septemba 2018, Hassan Mwakinyo alipomaliza kazi na Sam Eggington raundi ya pili tu, tena kulekule Birmingham kwa wenyewe, huku Temeke kila kijana akawa bondia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo tusiyaongelee, nanyoa kwenye saluni ya mtu. Ila mimi nilikuwa na sababu nyingine. Kuna usiku vibaka walinisimamisha kichochoroni, wakachukua simu na hesabu ya siku, halafu mmoja wao, mdogo kuliko mimi, akanizaba kofi la kuniaga. Simu niliisahau. Lile kofi sikulisahau.

Basi mimi na mshkaji wangu tukachukua viroba viwili vya unga, tukavivalisha kimoja juu ya kingine, tukajaza mchanga wa ujenzi tuliouchota usiku kwa jirani (Mungu atusamehe), tukaning'iniza kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Siku za mwanzo raha tupu. Kumbe mchanga una tabia yake, kila ukiupiga unashuka na kujipanga. Juu panabaki pepe, chini panashikana. Halafu masika ya 2019 yakaulowesha. Jua likirudi unapiga kitu ambacho hakina tofauti na tofali.

Na sisi ndo tulifurahi! Tuliamini kikiwa kigumu ndo mkono unakomaa. Miguu nayo hatukuiacha. Kibanda umiza tulishaangalia Kickboxer ya Van Damme, ile ya 1989, anavyopiga mti kwa ugoko, na yule wa kutafsiri anavyoongeza chumvi zake. Kwa hiyo kila usiku tunakaa kibarazani tunasugua ugoko kwa chupa ya soda, mwenzangu akaendelea mpaka kwenye mchi wa kinu wa mama yake. Tukivimba tunapongezana.

Jumapili moja ya Juni watoto wa mtaa walijaa kutuangalia. Unajua tena ukishaangaliwa. Nikarusha ngumi ya kuzungusha kwa nguvu zote, kifundo kikalegea kidogo, nikatua kwa upande wa kidole kidogo. Nilisikia mlio kama mtu kavunja kijiti kikavu. Sikulia, watoto walikuwepo. Nikajifanya nimekumbuka kitu ndani.

Jioni mkono ulikuwa umeumuka kama andazi. Mama akanikanda kwa maji ya moto na chumvi, akachua na mafuta, siku mbili nzima nang'ata shuka. Sasa hivi najua mfupa uliovunjika hauchuliwi, lakini mama angejuaje na mimi nilimwambia nimeteleza bafuni. Siku ya tatu nikaenda hospitali, wakapiga eksirei. Daktari hata hakuniuliza jina, akaniuliza, "Umepiga ukuta au umepiga mtu?" Kumbe ule mfupa wa kiganja ulioshika kidole kidogo ndo unaowavunjikia watu wanaopiga ngumi bila kufundishwa, ameuona mara nyingi. Nikamjibu, mchanga, daktari. Akaguna. Hogo wiki tano.

Hapa ndo sipendi kupasimulia. Mdogo wangu wa kike alikuwa kachaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoani, anatakiwa Julai. Godoro, ndoo, sare, nauli, vyote nilikuwa nimeahidi mimi, na hela ilikuwa inatoka kwenye mashine ya kunyolea. Kinyozi mwenye hogo mkono wa kulia ni nani huyo? Wiki ya pili tu bosi akamweka mtu mwingine kwenye kiti changu, na simlaumu. Mama akauza friji. Friji hilo ndo lilikuwa linagandisha barafu za ubuyu anazouza pale shuleni, ndo mboga yetu. Walikuja kulibeba asubuhi, nikataka kusaidia kushika upande mmoja, mama akaniambia, "Wewe kaa tu mwanangu, mkono wako unauma." Hakusema kwa kejeli. Bora angesema kwa kejeli.

Nilipofunguliwa hogo nilimfuata mzee mmoja, bondia wa zamani, anafundisha vijana kwenye ua wa nyumba yake maeneo ya Keko. Nikampa shikamoo, akaushika mkono wangu, akabonyeza pale palipodidimia, akacheka kwanza. Halafu akanionyesha mfuko wake. Ndani umejazwa vitambaa, masalia ya mafundi cherehani na nguo kuukuu, vimeshindiliwa sawasawa toka chini mpaka juu. Ukiupiga unabonyea, kisha unakurudishia. Uzito, alisema, nusu ya uzito wako wewe unatosha. Kabla hajaniruhusu kuugusa nilijifunza kufunga bandeji siku nne nzima. Ile ndefu, mita nne na nusu, inazunguka kifundo, inapita katikati ya vidole, inafunika magumi. Juu yake glovu nene. Na unatua kwa magumi mawili ya mwanzo, la kidole cha shahada na la kati, kifundo kimenyooka kama mtu anayesukuma mlango. Kidole kidogo hakina kazi pale.

Nikamuuliza sasa mkono utakomaaje humo ndani ya pamba zote hizo. Akaniambia mfupa unakomaa taratibu, unaupa mzigo kidogo, unaupumzisha, unajijenga. Ukiupa mzigo mwingine kabla haujajijenga, unapasuka. Baadaye nilisoma kwenye simu nikakuta kuna daktari wa Kijerumani, Julius Wolff, aliyaandika hayo tangu 1892, kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Mzee wa Keko hajawahi kumsikia.

Ugoko ndo vilevile. Wale wa Thailand wanaanza utotoni, mateke maelfu kwa maelfu kwenye mfuko usioumiza, miaka na miaka. Hata ule mgomba wanaopiga, shika mgomba uone, ni laini, umejaa maji. Chupa ya soda inachubua nyama na kuzoeza maumivu tu. Na hata ukikomaa kuna mwisho wake. Anderson Silva, mtu aliyepiga mateke maisha yake yote, Desemba 2013 pale Las Vegas alipiga teke, Chris Weidman akaliziba kwa mguu, ugoko wa Silva ukakatika dunia nzima inaona. Sasa wewe na mchi wa kinu.

Mpaka leo nafanya mazoezi, mara tatu kwa wiki, na mfuko wangu wa vitambaa. Nimerudi kunyoa, kiti changu mwenyewe. Friji nilinunua mwaka juzi, la mtumba, mama analisifia kwa kila mgeni. Wale vibaka sijawahi kukutana nao tena, na sijui ningewafanya nini. Ikifika Julai kukiwa na baridi, kidole kidogo kinauma, basi naishika mashine kwa vidole vinne, wateja wanadhani ni staili.

Na huyu msanii wetu, jana nimemuona kwenye picha mpya za shoo, mkono wa kulia kaufunga kitambaa cheusi mpaka kwenye kifundo, kipaza sauti kakishika kwa kushoto. Watu wanasema ni fasheni mpya.