Kutoka Embu Mpaka Maua: Gharama za Mtoto Aliyeko Ng'ambo

Barabara ya Embu kwenda Meru hupita ubavuni mwa Mlima Kenya, upande wa mashariki. Haikai sawa hata kilometa moja. Hushuka mtoni, hupanda kilima, kisha hushuka tena, maana mito itokayo mlimani ni mingi: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, na mingine ambayo majina yake wanayajua wenyeji peke yao. Nilipita njia hiyo kwa kazi ya ofisi, nikalala Chuka, nikalala Meru, nikafika mpaka Maua katika Igembe. Kila mahali niliponywa chai nilikuta mazungumzo ni mamoja: mtoto wa fulani amepata chuo ng'ambo, na jamaa zake wanatafuta fedha.

Jambo lililonishangaza ni hili. Karo huulizwa na kila mtu, na nauli ya ndege pia. Lakini fedha za kumweka mtoto huko, yaani chumba, chakula, basi la kwenda darasani, dawa na koti la baridi, husemwa mwisho, kama chumvi inayokumbukwa chungu kikiwa tayari mekoni. Nami nimefanya kazi ya vitabu vya hesabu kwa miaka kadha wa kadha, basi jambo hilo likanikaa rohoni njia nzima.

Tuanzie Embu. Mji huu una wenye kahawa, wenye chai walioko juu karibu na msitu, na wenye muguka walioko chini Mbeere. Kahawa ya Waafrika katika Kenya ilianza kupandwa huku Embu na Meru, pamoja na Kisii, katika miaka ya 1930, wakati ambapo sehemu nyingine walikatazwa. Kwa hiyo watu wa hapa wamesomesha watoto kwa kahawa kwa muda mrefu, na wanajua namna fedha zake zinavyokuja: huchumwa sasa, hupelekwa kiwandani, halafu mkulima hungoja miezi mingi mpaka chama cha ushirika kilipe. Chai nayo hulipa kidogo kila mwezi kwa kilo, lakini fedha kubwa ni bonasi, nayo huja mara moja kwa mwaka, kama mwezi wa Oktoba hivi. Ukipita Runyenjes majira hayo utaona maduka ya mabati na ya magodoro yamejaa watu kama sikukuu.

Sasa mwenye nyumba wa Manchester au Leipzig hajui bonasi. Yeye hutaka kodi yake kila mwezi, na huitaka kwa fedha za kwao. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mapato ya mlimani huja kwa majira, na matumizi ya mwanafunzi huja kwa mwezi. Mzazi ambaye hakuyapatanisha mambo hayo mawili atakuwa na fedha nyingi mwezi wa Oktoba na mtoto mwenye njaa mwezi wa Machi.

Tena fedha zenyewe hazisimami mahali pamoja. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 123 au 124 hivi. Mwezi wa Januari 2024 ilikuwa imefika kadiri ya shilingi 160. Katikati ya mwaka huo ikarudi kwenye 130. Mtoto aliyehitaji dola 800 kwa mwezi alimgharimu baba yake shilingi elfu 99 hivi mwanzo wa habari, na elfu 128 baada ya mwaka mmoja, ingawa alikula mkate ule ule na kulala chumba kile kile. Wala kilo ya majani ya chai haikuongezeka uzito kwa ajili yake. Mimi naona mtu akitaka kupanga hesabu ya ng'ambo, aongeze sehemu moja ya tano juu ya kila kitu, na sehemu hiyo asiiguse mpaka fedha zigeuke.

Baada ya Chuka gari hushuka kwenda daraja la Nithi. Abiria wote hunyamaza hapo, hata wale waliokuwa wakibishana siasa tangu Embu, maana mwezi wa Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Ukikwisha kupanda ng'ambo ya pili watu hupumua na kuanza kusema tena. Jirani yangu garini, mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi, akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia ni karani, akasema, "Basi wewe mwanangu utanisaidia kuhesabu," akatoa simu akanionyesha barua ya chuo cha Uingereza aliyotumiwa na binti yake.

Akanieleza kwamba harambee imekwisha kufanywa kanisani, karibu na Chogoria, na kamati imekusanya fedha nzuri. Harambee ni desturi njema, nasi tumeirithi kutoka kwa waliotutangulia. Mwaka 1959, ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyotayarishwa na Tom Mboya ilipochukua vijana 81 kwenda Marekani, watu wa vijijini walikuwa wamefanya karamu za chai ili kuwachangia. Lakini harambee humtoa mtu, haimkalishi. Watu hutoa kwa moyo siku ya kumsindikiza. Mwaka wa pili kamati imekwisha kutawanyika na mwenyekiti ana harusi ya kwake. Nilimwuliza yule mama, "Mama, fedha hizo ziko wapi?" Akasema ziko katika akaunti ya shemeji yake, kwa sababu ni mtu mwaminifu na ndiye mweka hazina.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo, maana sheria hii imewaumiza wengi. Serikali ya Uingereza haikubali uaminifu wa shemeji. Humtaka mwanafunzi aonyeshe fedha za karo ya mwaka wa kwanza, na juu yake fedha za maisha: kwa maombi yaliyopelekwa tangu Novemba 2025, pauni 1,529 kwa mwezi kama chuo kiko London, na pauni 1,171 kama kiko nje ya London, kwa miezi tisa. Fedha hizo lazima ziwe katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya baba au mama yake au mlezi wake wa kisheria, kukiwa na cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini. Akaunti ya mjomba au ya kamati haihesabiwi. Tena lazima zikae humo siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja. Ukiziingiza Jumatatu na kuomba viza Ijumaa, umejisumbua bure. Hati ya shamba nayo si fedha mbele ya afisa wa viza, hata shamba liwe na kahawa nzuri namna gani.

Tulipiga hesabu palepale garini. Pauni 1,171 mara tisa ni pauni 10,539. Tukikadiria pauni kwa shilingi 170, ni karibu shilingi milioni moja na laki nane, mbali na karo, mbali na ndege, mbali na ada ya matibabu ambayo mwanafunzi huilipa Uingereza kabla hajapewa viza. Mama akatazama dirishani kwa muda. Kisha akasema kwamba shemeji ataombwa azitoe fedha hizo juma lile lile. Aliteremka Igoji, nami nikamshushia kikapu chake.

Nkubu nilikuwa na kazi ya siku nzima, na jioni nikakaribishwa na mwalimu mmoja aliyesoma Ujerumani na kurudi. Nilitaka sana kumsikia, maana Ujerumani wana utaratibu ambao kwa maoni yangu ungemfaa mkulima wa kahawa kuliko ule wa Waingereza. Vyuo vingi vya serikali huko havitozi karo, isipokuwa katika jimbo la Baden-Württemberg ambako mgeni hulipa euro 1,500 kwa kila nusu mwaka. Lakini kabla ya viza, mwanafunzi huweka fedha za mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904. Akifika, benki humfungulia euro 992 kila mwezi na hapati zaidi. Yaani Wajerumani wamekwisha kuyageuza mapato ya majira kuwa posho ya mwezi. Mzazi akiuza ng'ombe na kahawa kwa mara moja, fedha haziliwi kwa mara moja.

Mwalimu akanionyesha daftari lake la mwaka wa kwanza. Lilikuwa daftari la shule la kawaida lenye mistari, na kila ukurasa ameugawa kwa kalamu: upande mmoja ameandika "Lazima", na upande wa pili "Yangoje". Chini ya "Lazima" kulikuwa na kodi ya chumba, bima ya afya, mchango wa chuo na chakula. Viatu vilikuwa katika "Yangoje" mpaka mwezi wa Novemba, halafu vikahamishwa kwa wino mwekundu. Nikamwuliza kisa chake. Akacheka, akasema theluji ilimhamisha.

Aliniambia kwamba miezi mitatu ya kwanza ndiyo migumu kuliko yote iliyofuata. Mwenye nyumba hutaka kodi ya mwezi pamoja na amana, na pengine amana hiyo ni ya miezi miwili au mitatu, nayo hairudi mpaka siku ya kuhama. Chumba chaweza kuwa kitupu, hakina sufuria wala blanketi. Mgeni hajui duka la bei nafuu liko wapi, basi hununua lililo karibu. Tena hugeuza kila bei kuwa shilingi kichwani, na akiona mkate kwa shilingi mia nne hushinda na njaa, halafu jioni hushindwa na kununua chakula kilichopikwa ambacho ni ghali mara tatu. Mwalimu alipona kwa kupika mwenyewe: mchele, maharagwe na kabeji, sufuria moja kwa siku mbili. Koti alilinunua katika duka la nguo zilizokwisha kuvaliwa. Mitumba tunayoinunua sokoni Embu, yeye aliifuata kwao.

Kuhusu kazi, alisema maneno ambayo wazazi wengi hawapendi kuyasikia. Wengi hutumaini kwamba mtoto akifika atafanya kazi na kujilipia. Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na si zaidi. Marekani kazi hizo saa 20 lazima ziwe ndani ya chuo chenyewe katika mwaka wa kwanza. Kanada ni saa 24 nje ya chuo. Na kazi haingoji uwanja wa ndege. Mwalimu aliitafuta kwa muda wa miezi minne. Anayezidisha saa hizo kwa siri huhatarisha viza yake na masomo yote. Kwa hiyo mshahara wa kazi uandikwe katika daftari baada ya kupatikana, usiandikwe kabla.

Kutoka Nkubu mpaka mji wa Meru si mbali, na kutoka Meru barabara hupita Kianjai na Kangeta kwenda Maua, chini ya vilima vya Nyambene. Hii ndiyo nchi ya miraa. Fedha za miraa hazifanani na za chai, kwa maana huja karibu kila siku, na mtu angedhani zingelingana vema na kodi ya mwezi. Lakini huweza kukatika ghafula. Uholanzi walipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza mwezi wa Juni 2014. Somalia walizuia ndege za miraa tangu Machi 2020 mpaka Julai 2022. Muguka wa Embu nao ulipigwa marufuku Mombasa na Kilifi mwezi wa Mei 2024, kabla mahakama haijasimamisha amri hiyo. Mtoto aliyeanza mwaka wa kwanza ng'ambo mwezi wa Septemba 2019 kwa fedha za soko la Somalia, hakuwa amemaliza mwaka huo soko lilipofungwa.

Mzee mmoja wa Maua alikuwa na mtoto katika hali kama hiyo. Aliuza robo eka akamaliza mwaka wa pili, akauza nyingine mwaka wa tatu. Sasa kijana wake wa mwisho naye ameitwa Kanada, ambako tangu Septemba 2025 mwanafunzi asiye na familia huonyesha dola za Kanada 22,895 za maisha tu. Iliyobaki ni eka moja na nusu. Mkewe hajatia sahihi, na bila idhini yake hati haitahamishwa. Bodi ya ardhi nayo haijakaa.

Aliniuliza, "Karani, wewe ungeuza?" Nilimjibu kwamba kwa shahada ya kwanza nisingeuza. Chuo Kikuu cha Embu kiko, Chuka kiko, na Meru kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pamoja na cha Wamethodisti. Kijana aweza kula kwa mama yake Jumapili. Kisha akiwa na shahada na miaka miwili ya kazi, aombe msaada wa masomo kama ule wa Chevening wa Uingereza au DAAD wa Ujerumani, ambao hutoa posho ya kila mwezi. Mzee akasema kijana hatapenda. Mkewe, aliyekuwa akichambua kunde mlangoni, akasema kijana aitwe aje na kalamu, aandike mwenyewe mwezi mmoja wa Kanada tangu tarehe moja mpaka thelathini, kila kitu na bei yake, na kando yake aandike shamba litatoa nini mwezi huo. Wakakubaliana aitwe Jumamosi.