Karatasi ya Maabara

Kithimani, Jumapili jioni

Mwende mwanangu,

Nimeipata picha ya majibu yako, nikaikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Kumbe ulilia kwa sababu ya neno “chanya”. Sikulaumu. Sisi neno hilo tulilizoea kwenye kipimo cha Ukimwi, na huko lilikuwa habari mbaya. Kwenye karatasi yako maana yake ni nyingine.

Kile kipande cha nyama walichokutoa kwenye titi kimepimwa mambo matatu: ER, PR na HER2. Mawili ya kwanza ni vipokezi vya homoni. Vyako ni chanya, yaani uvimbe wako hunywa homoni za mwili kama mahindi yetu yanavyokunywa mfereji wa Yatta. Basi lango la maji hufungwa. Lango lenyewe ni kidonge, tamoksifeni kwa mfano, kimoja kila siku kwa miaka mitano, wengine hata kumi. Mimi nilikimeza nilipougua saratani hii hii ya titi. Kilinipandisha joto la ghafla usiku, nikawa nalala dirisha wazi Julai na baridi yake yote, watu wa nyumbani wakidhani nimerukwa na akili. Lakini asiye na vipokezi hivyo hakimfai kitu. Wewe kinakufaa.

HER2 yako wameandika 2+. Hapo simama. Sifuri na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya. 2+ ni mtihani ambao haujamaliza kusahihishwa. Kipo kipimo kingine, FISH, kinachotazama jeni yenyewe. Uliza kitafanywa lini, na uulize kabla ya matibabu kupangwa. Kikitoka chanya utahitaji Herceptin, kila wiki tatu kwa karibu mwaka mzima, na moyo hupimwa kwanza. Bei ya dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha wanawake nyumbani: shilingi 120,000 kwa dozi. Mwaka 2025 serikali na kampuni ya Roche walikubaliana ishuke hadi 40,000, nazo zilipwe na bima ya afya ya SHA. Angalia michango yako isiwe imekatika.

Halafu usichanganye daraja na hatua. Daraja la 2 ni sura ya seli chini ya hadubini, basi. Hatua haimo kwenye karatasi hiyo. Itajulikana wakishapima ukubwa wa uvimbe, matezi ya kwapa na sehemu nyingine za mwili. Mama yako keshatangaza kanisani kwamba ni “hatua ya pili”. Mpoze.

Sasa upasuaji. Mimi nilikatwa titi lote, na hakuna aliyeniuliza. Baadaye sana nikaja kujua kwamba uvimbe ukiwa mdogo unaweza kutolewa peke yake, kisha titi likapigwa mionzi. Wanawake wa Marekani na Italia walifuatiliwa miaka 20, matokeo yakachapishwa 2002: waliobakiziwa titi waliishi sawa na waliokatwa lote. Ila mionzi ni kila siku ya kazi, wiki kadhaa, hospitali ya Kenyatta au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa. Kwa wewe uliye Thika hiyo ni nauli ya kuvumilika. Kwa aliye huku Kithimani ni jambo jingine, na pengine hata ningeulizwa ningechagua kukatwa. Lakini ningekuwa nimechagua.

Na kwa kuwa bado unataka mtoto wa pili, liseme hilo mapema, kabla ya kemo. Kemo yaweza kufunga kizazi, na ukiwa kwenye tamoksifeni hupaswi kushika mimba. Usione haya kwa daktari mwanamume.

Yule mwuza mizizi wa sokoni ameshaniuliza habari zako. Nimemwambia hujambo.

Kliniki yako ni Alhamisi. Nitapanda matatu ya alfajiri, unikute stendi ya Thika. Beba karatasi yenyewe, si picha, na kalamu.

Shangazi yako