Nyakoe: Barabara Isiyodanganywa na Rimu za Kung'ara

Ukitoka mjini Kisii ukaishika barabara kuu iendayo Oyugis na Ahero, usiwe na pupa. Baada ya kilomita chache tu za kupanda na kushuka utafika Nyakoe. Usitazamie majumba marefu. Hili ni soko la kando ya barabara kama yalivyo masoko mengi ya Gusii: maduka yamepangwa sambamba na lami, mikungu ya ndizi imelazwa chini, maparachichi yamepangwa mafungu mafungu, waendeshaji bodaboda wanangoja abiria, na watoto wa shule wanasubiri nafasi ya kuvuka. Mwenyeji akikuamkia "Bwakire", nawe mwitikie kwa neno hilo hilo, utakuwa umeanza vyema.

Basi tafuta pahali pazuri pa kuketi, ununue ndizi zako, utazame kinachopita. Haitachukua muda kabla ya kuona Toyota Probox. Gari hili katika Kisii na Nyamira ndilo teksi, ndilo matatu, ndilo lori dogo. Rimu zake ni ndogo, za chuma, wala hazina urembo wowote. Lakini ukifika huko mwezi wa Desemba, wakati wenyeji walioko Nairobi wanarudi makwao kwa Krismasi, utayaona pia magari ya namna nyingine. Haya husikika kabla hayajaonekana: Subaru Impreza, Forester yenye injini ya tabo, Mark X, Golf GTI. Miguuni yamevishwa rimu pana za inchi 17, 18 na hata 19, zinazometa kama sahani mpya. Watoto huacha michezo yao wakayatazama hadi yapotelee kwenye kona.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Je, rimu hizo zilizonunuliwa dukani au kwa muuza vipuri vya mtumba, zilifungwa sawasawa? Hilo ndilo swali letu la leo, na Nyakoe ni pahali pafaapo pa kuliuliza.

KWA NINI NYAKOE?

Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Barabara hii ikiisha kupita Nyakoe, Oyugis na Sondu huteremka hadi tambarare ya Kano, ambako Ahero iko chini kwa zaidi ya mita 500. Maana yake ni kwamba dereva hukanyaga breki mara nyingi, hukata kona nyingi, tena akiwa na abiria na mizigo. Mvua ya Gusii nayo haina mzaha. Hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Na barabara yenyewe, kutoka Isebania hadi Ahero, imekarabatiwa katika miaka ya karibuni, jambo ambalo limewafurahisha wengi na pia limewaongezea madereva mwendo.

Sasa fikiria jambo hili. Gurudumu likichomoka mbugani, huenda likaishia kwenye nyasi. Likichomoka Nyakoe, litaishia wapi? Kati ya lami na mama anayeuza ndizi pana hatua chache tu. Kwa hiyo rimu za gari la kijana si jambo lake peke yake, wala si jambo la wale anaowabeba tu.

MATUNDU MATANO HAYATOSHI

Watu wengi hudhani kwamba rimu yenye matundu matano itaingia kwenye gari lolote lenye boluti tano. Sivyo. Matundu hayo yamepangwa katika duara, na duara hilo lina kipimo chake. Kwa Subaru Impreza nyingi za zamani na Forester za miaka hiyo, kipimo ni milimita 100. Impreza WRX STI kuanzia toleo la 2005 ni milimita 114.3, sawa na Mark X. Golf GTI, kuanzia ile ya kizazi cha tano, ni milimita 112.

Hapo kwenye 112 na 114.3 ndipo penye mtego. Tofauti ni milimita 2.3 tu, na fundi mwenye nguvu anaweza kuilazimisha rimu ikaingia. Gari litaondoka, hata litakwenda vizuri siku ya kwanza. Lakini nati hazikukaa sawasawa kwenye viti vyake, na kila boluti imevutwa upande. Kila kona huipinda kidogo, na chuma kinachopindwa mara elfu nyingi hukatika. Vivyo hivyo kwa rimu iliyotobolewa matundu mapya ili "ikubali" gari jingine: imeondolewa nyama mahali panapobeba mzigo wote.

Kuna pia tundu la katikati, linalokalia habu. Habu ya Subaru ina upana wa milimita 56.1, ya Mark X 60.1, na ya Probox 54.1. Rimu nyingi za dukani hutengenezwa na tundu kubwa la milimita 73.1 ili zifae magari mengi. Nafasi inayobaki huzibwa kwa pete ya plastiki au alumini iliyotengenezwa kwa kipimo hicho. Pete ni ya bei nafuu, lakini aghalabu husahaulika, kisha mwenye gari hushangaa kwa nini usukani unatetemeka akifika kilomita 90 kwa saa.

Halafu njoo kwenye nati. Boluti za Toyota na za Subaru zina unene ule ule wa milimita 12, kwa hiyo kwa macho ni ndugu. Lakini hesi zake hazifanani: za Toyota hupishana kwa milimita 1.5, za Subaru kwa milimita 1.25. Nati ya Toyota ikilazimishwa kwa Subaru kwa spana ndefu, itaingia huku ikizila hesi, na itakazana bila kushika. Umbo la nati pia ni muhimu. Rimu nyingi za dukani hutaka nati yenye ncha ya pia. Rimu za kiwandani za Toyota mara nyingi hutaka nati yenye washa bapa, na zile za Honda na Volkswagen hutaka nati au boluti yenye kitako cha mviringo. Usipolinganisha, nati hugusa ukingo mwembamba tu, kisha hulegea yenyewe njiani.

RIMU ILIYOTOKA NJE

Vijana hupenda gurudumu lililotoka nje, likalingana na ukingo wa bodi. Rimu nyingi huwa zimechapwa alama ET ikifuatwa na tarakimu. Tarakimu hiyo huonyesha ni milimita ngapi uso unaokaa kwenye habu umesogea kutoka katikati ya rimu. Subaru nyingi za miaka ile huwa kati ya 48 na 55. Ukiweka rimu ya ET 35, umelisogeza gurudumu nje kwa kiasi cha milimita 13 hadi 20. Beringi zinaelemewa, usukani unavuta upande mvua inaponyesha, na ukibeba watu nyuma tairi linaanza kusugua bodi. Tairi linalosugua huchanika, na kwa kawaida huchanika gari likiwa limejaa watu.

Wengine hutumia spesa, yaani kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu. Spesa iliyotengenezwa vizuri, yenye kukalia habu barabara, si haramu. Hatari ni kwamba inakula urefu wa boluti. Kanuni ya mafundi ni hii: nati ishike urefu usiopungua unene wa boluti. Kwa boluti ya milimita 12, hiyo ni mizunguko 8 kamili kwa Toyota na karibu 10 kwa Subaru. Hesabu mwenyewe unapoikaza kwa vidole. Ikifika 4 au 5 ikagoma, gari hilo lisitoke nje ya lango.

WAENDESHAJI WA SAFARI RALLY WANAJUA

Subaru ilipendwa Kenya kwa sababu ya mashindano. Mwaka 1993 Patrick Njiru alishika nafasi ya 12 katika Safari Rally akiendesha Subaru Vivio, kigari kidogo ambacho wengi walikidharau. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda akiwa na Impreza. Tangu hapo kila kijana mwenye Impreza hujiona yuko katika mashindano.

Lakini je, umewahi kuyatazama magurudumu ya magari ya Safari Rally, yale yanayotimua vumbi Naivasha tangu mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021? Kwenye barabara za vumbi na mawe magari hayo hutumia rimu za inchi 15. Rimu za inchi 18 huwekwa kwenye mashindano ya lami laini huko Ulaya. Sababu ni tairi lenyewe. Rimu ndogo huacha nafasi ya ukuta mrefu wa tairi, na ukuta huo ndio mto unaopokea pigo la jiwe.

Tufanye hesabu. Tairi la 205/55 R16 lina ukuta wa karibu milimita 113. La 225/40 R18 lina ukuta wa milimita 90. La 225/35 R19 halifiki 79. Ukilivamia tuta lisilo na alama au shimo lililofichwa na maji ya mvua, milimita hizo zilizopotea ndizo zingekuokoa. Probox na rimu yake ya chuma hupinda, fundi akainyoosha kwa nyundo, safari ikaendelea. Rimu ya alumini ikipigwa vibaya huweza kupasuka. Nyingine hupata ufa mwembamba upande wa ndani, usiouona mpaka rimu ifunguliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwa rimu usizibe: itupe. Ufa uliochomelewa hurudi, kwa kuwa moto wa kuchomelea hudhoofisha alumini iliyo kandokando yake.

UZITO NAO

Tairi lina tarakimu ya uzito. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560, na 84 ni kilo 500. Chukua gari la kilo 1,450. Weka watu watano wa kilo 70, hiyo ni 350. Ongeza mizigo ya Krismasi kilo 100. Jumla ni 1,900. Matairi manne ya 84 hubeba 2,000, tena kama uzito umegawanyika sawa na upepo umejazwa kikamilifu. Umebakiwa na kilo 100, na bado hujateremka mlima ukishika breki, ambapo uzito mwingi huegemea mbele. Usikubali tarakimu iliyo chini ya ile aliyoiweka mtengenezaji wa gari.

Wenye Subaru wakumbuke jambo moja zaidi. Gari hilo huzungusha magurudumu yote manne, kwa hiyo mizingo ya matairi isitofautiane zaidi ya robo inchi. Mawili mapya na mawili yaliyokwisha yatakula difu polepole.

KABLA HUJAFUNGA SAFARI

Mzazi, kabla hujampa mwanao ufunguo wa kwenda nyumbani Desemba, simameni pamoja kando ya gari mfanye haya:

Tafuteni alama ya JWL kwenye rimu, na VIA ikiwapo. JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na VIA huonyesha kwamba rimu ilipimwa na maabara isiyo ya mtengenezaji. Alama peke yake huweza kuigwa, kwa hiyo nunueni kwa muuzaji atakayewapa risiti.

Someni tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye tairi. 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri laweza kuwa zee kuliko mnavyodhani.

Nati zikazwe kwa zamu ya kuvukana, gari likiwa limeshushwa, kwa spana yenye kipimo. Magari mengi ya namna hii huhitaji karibu nyutoni mita 100. Kitabu cha gari kitakuambieni kamili. Kisha zikazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Ukitoka Nairobi, hilo lifanyike kabla ya kufika Narok.

Jaribuni tairi la akiba. Je, nati za rimu mpya zinafaa rimu ya chuma ya akiba? Kama hazifai, bebeni zile za zamani. Pancha ya usiku mlimani, mvua ikinyesha, si wakati wa kugundua hayo.

Usukani ukianza kutetemeka, au mkisikia mlio wa kugonga unaoongezeka na mwendo, simameni papo hapo. Nati iliyolegea hutoa taarifa kabla ya kuachia.

Rimu nzuri si dhambi. Gari likipendeza, mwenyewe hufurahi na kijiji hufurahi naye. Ila ukifika Nyakoe punguza mwendo, maana wale walioketi kando ya lami na ndizi zao hawakuulizwa kama rimu zako zilifungwa vizuri. Safari njema.