Dawa za Huko Ndani

Alikuwa mahabusu hapa Karagwe, mzee mkulima wa kahawa kutoka Kyerwa, na mimi ndiye tabibu niliyepeleka makohozi yake maabara, yakaonekana na kifua kikuu. Mpaka hapo sikukosea. Nilikosea majibu yalipofika, kwa kutomtajia jina la ugonjwa.

Chumba tulichotibia kilikuwa na meza moja na mlango usiofungika. Afande alisimama ndani, nyapara mlangoni, nyuma yake foleni ya mahabusu wengine. Nikahofu kwamba nikitamka kifua kikuu wenzake watamnyanyapaa. Nikamwambia, "Mzee, hivi ni vidonge vya kifua, utameza kila asubuhi nikikuona." Ningeweza kumwomba afande atupishe dakika tano. Sikumwomba.

Kesho yake alikuja akitetemeka: mkojo umegeuka rangi ya chungwa iliyokolea, akadhani ni damu. Nikamtuliza kwamba ni rangi ya dawa. Hakuuliza ni dawa ya nini, nami moyoni nikashukuru.

Matibabu yale ni ya miezi sita. Miwili ya kwanza ni kidonge chenye dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Kabla hata mwezi wa kwanza haujaisha, jasho la usiku lilikuwa limekoma na mzee anamaliza ugali wake. Hapo ndipo penye hatari, maana mgonjwa hujiona mzima na vijidudu bado vimo, na dawa ikikatizwa vinaweza kuizoea.

Wiki ya saba alipanda karandinga kwenda mahakamani, asirudi. Alipata dhamana. Mfungwa tarehe yake ya kutoka inajulikana; mahabusu hutokea hukohuko mahakamani, wala haagi. Siku hizi hakuna mgonjwa wangu anayepanda gari lile bila fomu ya uhamisho na vidonge vya kumfikisha kituo cha karibu na kwao. Yeye alipanda mikono mitupu, na tarehe ya kesi yake nilikuwa naijua. Jioni nikafungua daftari nikaandika neno moja: "Ametoka."

Hata simu kwa mratibu wa kifua kikuu wa Kyerwa sikupiga. Wilaya hizi zilikuwa moja mpaka 2012, na barabara ni ileile ya kutoka Omurushaka kwenda Nkwenda hadi Murongo. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka matibabu ya gerezani yashikamane na ya uraiani ili mgonjwa asikatiziwe dawa, na kifua kikuu kimetajwa humo. Nilikuwa nimezisoma. Boksi lenye jina lake lilibaki kabatini, na kila nilipolifungua kabati nililiona.

Baada ya miezi minne mratibu alinipigia yeye. Mzee amelazwa, anakohoa damu. Mjukuu wa miaka mitatu anayelala naye ana homa na uzito hauongezeki.

Nilikwenda. Nikamuuliza kwa nini aliacha dawa. Alinitazama bila hasira yoyote.

"Daktari, nilidhani zile ni dawa za huko ndani."

Nikavuta kiti karibu na kitanda, nikamtajia ugonjwa wake kwa jina. Mkewe alikuwa amesimama dirishani, mtoto mgongoni, anakohoa.